Kuandika andiko la ruzuku ya tiba ya maumivu bila opioidi katika idara ya dharura

Maandiko mengi ya hospitali za Marekani kuhusu jambo hili hujaza kurasa za mwanzo kwa majina ya dawa. Wahakiki wanazijua dawa hizo. Wanachotaka kuona ni kama idara yako inajua leo inatoa opioidi (dawa kali za maumivu za jamii ya morfini, zenye hatari ya uraibu) kiasi gani, kwa maumivu yapi, na mkononi mwa nani. Kwa hiyo kazi inaanzia kwa mfamasia na mtu wa takwimu, kabla hata ya kufungua tangazo la mfadhili.

Toeni kwenye mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa miezi 12 iliyopita: kila dozi ya opioidi iliyotolewa idarani na kila cheti cha dawa ya opioidi ambacho mgonjwa aliondoka nacho. Geuzeni zote ziwe miligramu za morfini ya kunywa, gawanyeni kwa idadi ya mahudhurio, kisha zidisheni kwa 1,000. Kila opioidi ina kizidishi chake cha kuigeuza: vidonge 12 vya oksikodoni vya miligramu 5 ni miligramu 60, mara 1.5, mnapata 90. Haidrokodoni kiasi hichohicho inabaki 60, maana kizidishi chake ni 1.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Mwaka 2022 CDC, wakala wa Marekani wa kudhibiti magonjwa, ilibadilisha baadhi ya vizidishi: tramadoli ilitoka 0.1 ikawa 0.2, haidromofoni ya kunywa ikatoka 4 ikawa 5. Ukipima mwaka wa kwanza kwa jedwali la zamani na wa pili kwa jipya, matumizi yatapanda au kushuka kwenye karatasi tu. Andika jedwali ulilotumia ndani ya andiko lenyewe. Saratani, tiba shufaa na selimundu zihesabiwe kando, na useme wazi kwamba mradi hauwagusi wagonjwa hao. Kumnyima mgonjwa wa selimundu morfini ili grafu ishuke ni ukatili, na mhakiki makini ataiona hatari hiyo usipoitaja.

Kuhusu fedha zenyewe: sheria ya SUPPORT ya Oktoba 2018 iliidhinisha dola milioni 10 kwa kila mwaka wa fedha, 2019 hadi 2021, kwa mradi wa majaribio wa idara za dharura, na ruzuku zikapitia SAMHSA, wakala wa serikali kuu wa afya ya akili na uraibu. Kuidhinishwa si kutengewa. Bunge hupanga fedha upya kila mwaka, hivyo soma tangazo la mwaka husika, usinakili la rafiki yako wa mwaka juzi. Ulizia pia jimbo na kaunti yako kuhusu fedha za fidia zilizotokana na kesi dhidi ya kampuni za opioidi. Huko fomu mara nyingi ni fupi zaidi.

Sasa tiba. Hospitali ya St. Joseph's mjini Paterson, New Jersey, ilianza mwaka 2016 na aina tano za maumivu: mawe ya figo, kichwa, mgongo unaoshuka mguuni, misuli na viungo, na mivunjiko ya mikono au miguu. Colorado mwaka 2017 idara 10 zilijiwekea lengo la kupunguza opioidi kwa asilimia 15 katika miezi 6, zikafika 36. Wewe chagua mbili au tatu, zile ambazo hesabu yako imeonyesha ndizo zinazokula opioidi nyingi.

Kisha onyesha utaratibu kwa undani. Ketorolaki ya mshipa, dawa ya maumivu isiyo opioidi: miligramu 15 hutuliza sawa na 30, hivyo badilisha kiwango kinachojitokeza chenyewe kwenye kompyuta ya daktari. Badiliko hilo dogo hufanya kazi kuliko semina tatu. Lidokeini ya mshipa, dawa ya ganzi, kwa mawe ya figo: miligramu 1.5 kwa kilo, isizidi 200, kwa dakika 10, mgonjwa akiwa kwenye monita ya moyo, na mafuta ya mshipa ya asilimia 20 yawe karibu endapo lidokeini itamdhuru. Ketamini, dawa ya usingizi, kwa kiwango kidogo, miligramu 0.1 hadi 0.3 kwa kilo, ipite kwa dripu ya dakika 15. Ikisukumwa haraka mgonjwa huona anaelea, huogopa, na wauguzi huikataa dawa hiyo kwa miezi. Nyonga iliyovunjika hupigwa ganzi ya neva kwa msaada wa ultrasaundi. Ndiyo maana mafunzo yagharimiwe kwa zamu zote, usiku ukiwemo. Daktari mmoja bingwa anayefanya kazi mchana si mradi.

Kwenye bajeti, usiweke dawa ambazo bima tayari inazilipia. Weka muda wa mfamasia, mtu wa takwimu, mafunzo. Mshahara unaoweza kudaiwa kwenye ruzuku una kikomo: mwaka 2025 kilikuwa dola 225,700 kwa mwaka, hivyo asilimia 10 ya muda wa daktari haikuzidi 22,570 hata kama alilipwa zaidi. Kama hospitali haina kiwango chake kilichokubaliwa cha gharama za uendeshaji, asilimia 15 ya gharama za moja kwa moja za mradi inaruhusiwa, ila haipigwi juu ya vifaa vikubwa kama mashine ya ultrasaundi.

Usisahau wakalimani. Pale wanapofika Wakongo wanaozungumza Kiswahili, ukiuliza maumivu ni ngapi kati ya 0 na 10 huenda ukajibiwa “mingi.” Lakini “inanichoma mpaka kwenye unyayo” na “inapwita” ni maumivu mawili tofauti, na dawa zake hutofautiana. Mkalimani alete neno lenyewe, asilete namba peke yake.

Usajili wa SAM.gov, tovuti ya serikali kuu ya kusajili wanaoomba fedha zake, unaweza kula wiki kadhaa, na huisha kila mwaka; Grants.gov na eRA Commons, mifumo ya kutuma na kufuatilia maombi, zinahitaji akaunti zao. Jina la hospitali lifanane herufi kwa herufi kote. Tuma siku tatu kabla ya mwisho, kwa sababu faili lenye kosa hurudishwa bila kusomwa, na siku ya mwisho simu ya msaada haishikiki.