Mbwa akimeza kipande cha mfupa: la kufanya na la kuacha

Anayetoka Jinja kurudi Kampala ni nadra apite soko la Namawojjolo bila kununua kuku wa kuchoma, na mifupa inayobaki kwa kawaida huishia kwa mbwa wa nyumbani, sawa na mabaki ya muchomo (nyama choma), mbavu za nguruwe na miiba ya sangara. Mfupa uliopikwa au kuchomwa umekauka, na unapovunjika hutoa ncha kali kama za kioo. Wa kuku ndio mbaya zaidi kwa kuwa ni mwembamba. Mbwa naye hatafuni kama sisi, bali hupasua mara mbili tatu na kumeza. Kwa hiyo kabla ya kukimbilia dawa yoyote, tambua kwanza kipande kimefika wapi, kwa maana tiba ya mahali pamoja huweza kuwa madhara mahali pengine.

Kikiwa kimeziba njia ya hewa, huna muda wa kumpigia mtu simu. Mbwa ambaye bado anakohoa kwa sauti mwache akohoe, kwa sababu hewa inapita na kikohozi chake kina nguvu kuliko mikono yako. Lakini akihangaika bila kutoa sauti, na ufizi wake ukaanza kugeuka rangi ya samawati au kijivu, fungua kinywa chake utazame, na ukiuona mfupa na kuweza kuushika, utoe. Usipouona, usichokore kwa kidole, maana utausukuma ndani zaidi. Mbwa mdogo mwinue kwa miguu ya nyuma, kichwa kikielekea chini, kisha umpige kwa kiganja katikati ya mabega mara tano. Kwa mbwa mkubwa, simama nyuma yake, zungushia mikono tumbo lake, weka ngumi chini kidogo ya mbavu, na usukume kwa nguvu mara tano kuelekea ndani na mbele. Hata kipande kikitoka, mpeleke kwa daktari, kwani koo huenda limejeruhiwa.

Hapa sharti niingize onyo ambalo watu wengi hawalifikirii. Kichaa cha mbwa bado kipo Uganda, na mbwa mwenye ugonjwa huo mara nyingine huonekana kana kwamba amekwamwa na mfupa: taya limelegea, mate yanamtiririka, hawezi kumeza. Ikiwa hukumwona akila mfupa, au hajachanjwa, au tabia yake imebadilika siku za karibuni, usitie mkono kinywani mwake kwa hali yoyote, bali mfungie mahali pamoja umwite daktari wa mifugo. Akikuuma, au mate yake yakiingia kwenye mchubuko, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende kituo cha afya siku hiyohiyo kuulizia chanjo.

Mahali pa pili ni umio, yaani mrija unaopeleka chakula tumboni. Mbwa anapumua vizuri, lakini ananyoosha shingo, anameza mate tena na tena, anadondosha udenda, na akipewa maji au chakula hukirudisha mara moja. Usimpe chochote kinywani, hata ugali wa posho ambao majirani watakuambia unasukuma mfupa. Kipande kilichokwama hapo hukandamiza ukuta wa umio hadi ukaoza na kutoboka, kwa hiyo usingoje asubuhi iwapo unaweza kupata daktari usiku huo.

Mara nyingi, lakini, kipande hufika tumboni, na asidi ya tumbo la mbwa ina uwezo wa kulainisha mfupa na kuuyeyusha. Akiwa mchangamfu, anakula na hatapiki, mpigie daktari simu kwa ushauri, kisha mpe chakula laini kidogokidogo, kwa mfano posho laini au wali uliochanganywa na nyama iliyosagwa, pamoja na maji ya kutosha. Mchunguze kwa siku tatu, na uangalie kinyesi chake kila mara, kazi isiyopendeza lakini yenye manufaa. Kutapika mara kwa mara, tumbo kuvimba au kuwa gumu, kujikamua bila kutoa kitu, damu kwenye kinyesi, au mbwa kujikunja na kukataa kuguswa, ni dalili za kumpeleka hospitali bila kungoja siku ya tatu.

Usimtapishe. Maji ya chumvi huweza kumdhuru yenyewe, na mfupa uliopita salama ukishuka huweza kuchana umio ukirudi juu. Usimnyweshe mafuta ya kupikia, kwa kuwa yakiingia mapafuni huleta homa ya mapafu. Panadol, diklofenaki na dawa nyingine za maumivu za binadamu ni hatari kwa mbwa.

Kwa daktari, eleza ni mfupa wa mnyama gani, ulipikwa au la, ukubwa wake, na saa aliyoumeza. Ukiwa na kipande kilichobaki, kibebe. Pengine atataka picha ya eksirei, na kipande cha kwenye umio huweza kutolewa kwa mpira mwembamba wenye kamera bila kupasua. Aliye Kampala anaweza kuulizia kliniki ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Makerere. Wilayani, maafisa mifugo wengi wamezoea ng'ombe na mbuzi na huenda hawana mashine ya picha, basi piga simu kabla ya kuondoka ili usipoteze saa mbili barabarani bure. Na ikiwa usafiri uliopo ni bodaboda, mweke mbwa mdogo ndani ya boksi lenye matundu, umpakate kati yako na dereva, bila kumbana tumbo.