Jinsi ya Kutofautisha Adisopsheni na Ufyonzaji

Katika ufyonzaji, dutu moja hupenya na kusambaa ndani ya dutu nyingine, ilhali katika adisopsheni molekuli hunaswa juu ya uso wa kitu na kuishia hapo hapo. Kwa hiyo, kila unapopewa mfano, anza kwa kujiuliza zilipo molekuli zilizochukuliwa, kabla hujafikiria jambo lingine lolote.

Jaribio rahisi la kuonyesha tofauti hiyo linahitaji vikaushio viwili, yaani punje za jeli ya silika na kalsiamu kloridi kavu. Pima uzito wa kila kimoja, kiweke katika kisahani chake, kisha uviache vyote viwili kwenye hewa yenye unyevu kwa siku moja au mbili. Ukivipima tena utakuta vyote vimeongezeka uzito. Lakini punje za silika zitakuwa bado ngumu na kavu mkononi, wakati kalsiamu kloridi itakuwa imelowa, pengine hata kuyeyuka kabisa katika maji iliyoyavuta yenyewe. Kalsiamu kloridi imeyafyonza maji hadi ndani yake, ilhali silika imeyashika juu ya uso wake tu, na ukiipasha joto la takriban nyuzi 120 za Selsiasi kwa saa chache itayaachia na kufaa kutumika tena. (Chagua punje zisizo na kobalti, kwa kuwa zile za buluu zenye kobalti kloridi zina sumu.)

Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapoteleza. Kwa kuwa maji yameingia ndani ya punje, wao huhitimisha kwamba huo ni ufyonzaji. Punje ya silika, hata hivyo, imejaa vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na kuta za vitundu hivyo ni sehemu ya uso wake. Gramu moja tu ya silika ya aina hiyo huwa na uso wa mamia ya mita za mraba, na gramu ya mkaa ulioamilishwa, yaani mkaa uliotengenezwa maalumu uwe na vitundu vingi, yaweza kuzidi mita za mraba 1,000. Ndiyo maana kuusaga mkaa huo huharakisha kazi yake lakini hakuongezi sana kiasi unachoweza kunasa, kwani sehemu kubwa ya uso wake tayari ilikuwa ndani ya vitundu.

Njia ya pili ni kuchunguza kikomo. Chukua chupa kadhaa zenye maji ya rangi, kila moja ikiwa imekolea kuliko iliyotangulia, tia kiasi kile kile cha mkaa ulioamilishwa katika kila chupa, tikisa, acha kwa muda, kisha chuja. Katika chupa za mwanzo rangi itatoweka karibu yote. Katika za mwisho itabaki, kwa sababu nafasi za kushikilia molekuli zimejaa. Mwanakemia Mmarekani Irving Langmuir aliueleza ukomo huo mwaka 1918 kwa mlinganyo unaochukulia kwamba uso una idadi maalumu ya nafasi, na kila nafasi hubeba molekuli moja. Gesi inayofyonzwa na kimiminika bila kuitikia nacho kikemia haionyeshi kikomo cha namna hiyo katika kanieneo ya kawaida: halijoto ikiwa haibadiliki, ukiongeza kanieneo ya gesi hiyo maradufu, kiasi kinachoyeyuka nacho huwa maradufu.

Usitegemee sana majedwali yanayodai kwamba adisopsheni hutoa joto na ufyonzaji hulichukua. Ni kweli kwamba adisopsheni kwa kawaida hutoa joto, lakini amonia inapoyeyuka katika maji nayo hutoa joto. Vivyo hivyo, kupasha joto peke yake hakutoshi kuwa kipimo, kwa kuwa kaboni dioksidi hutoka ndani ya maji yanayopata moto kama vile mvuke unavyoachiwa na silika.

Yapo pia matukio yanayochanganya michakato yote miwili. Metali ya paladiamu hunasa kwanza hidrojeni juu ya uso wake, ambapo molekuli hupasuka kuwa atomu. Kisha atomu hizo hupenya ndani ya metali, hata ujazo wa gesi iliyochukuliwa ukafikia mamia ya mara ya ujazo wa paladiamu yenyewe. Ukikutana na mfano kama huo, eleza kila hatua kwa jina lake, adisopsheni kwanza na ufyonzaji baadaye, badala ya kulazimisha jina moja lifunike zote mbili.