Hesabu mistari kwanza: kusafisha faili ya mauzo hatua kwa hatua

Ujumbe huja hivi: "Hii ni faili ya oda za nusu mwaka. Naomba jumla kwa kila tawi kabla ya saa nane." Unaangalia saa, ni saa nne asubuhi. Mtu mgeni kwenye kazi hii atafungua faili, ataandika SUM chini ya safu ya kiasi, na baada ya dakika kumi atakuwa na jibu. Tatizo ni kwamba jibu lile halijakaa sawa, na hakuna kitu kwenye kioo kitakachomwambia.

Mimi muda mwingi kati ya hiyo saa nne na saa nane unaishia kwenye usafi. Kukokotoa kwenyewe ni dakika chache za mwisho. Hapa nitakupitisha kwenye faili moja kama ninavyoifanya mezani kwangu. Natumia Excel, ila karibu yote haya yanafanyika pia kwenye Google Sheets na LibreOffice Calc. Ili tuelewane: nikisema mstari, ni ule unaolala, nikisema safu, ni ile inayosimama. Faili yetu ina safu tano: namba ya oda, tarehe, tawi, mteja na kiasi. Ni faili ya mfano, namba zake nimezipanga ili uweze kufuata hesabu.

Hatua ya 1: Nakala moja na namba tatu

Hifadhi nakala ya faili kama ulivyoipokea, iongezee neno "asili" kwenye jina, na usiiguse tena. Kazi yote fanya kwenye nakala ya pili. Humo ongeza shiti mpya, iite "ukaguzi", na uandike namba tatu kabla hujagusa kitu kingine:

=COUNTA(A2:A4813) inatoa mistari 4,812
=COUNTA(UNIQUE(A2:A4813)) inatoa namba za oda 4,796 zisizojirudia
=SUM(E2:E4813) inatoa jumla ya 18,406,350

Kama Excel yako ni ya zamani na haina UNIQUE, tumia pivoti (jedwali la Excel linalokusanya data kwa makundi) kuhesabu. Kama kompyuta yako imewekwa kutumia mkato kwenye desimali, fomula zenye mikato ndani zitahitaji nukta mkato badala yake.

Namba hizi tatu ndizo zitakazokulinda hadi mwisho. Kila baada ya hatua utazihesabu upya, na ikibadilika hata moja, lazima uweze kusema kwa nini.

Kisha muulize aliyekutumia: mfumo ulitoa mistari mingapi? Swali linaonekana la kitoto. Oktoba 2020, mamlaka ya afya ya umma ya Uingereza ilitangaza kwamba karibu visa 16,000 vya korona havikuwa vimeingia kwenye takwimu za kila siku. Data ilikuwa imepitishwa kwenye faili za Excel za muundo wa zamani, wa .xls, ambao mwisho wake ni mistari 65,536. Iliyozidi ilikatwa kimyakimya. Muundo wa sasa unafika mistari 1,048,576, kwa hiyo ukikuta faili imeishia kwenye moja ya namba hizo mbili kamili, simama hapohapo.

Hatua ya 2: Nafasi zisizoonekana

Weka kichujio (Ctrl+Shift+L) na ufungue orodha ya safu ya tawi. Ukiona "Kaskazini" mara mbili, zimefuatana na zinafanana kabisa, nenda kwenye seli pembeni uandike =LEN(C57). Neno Kaskazini lina herufi 9. Ikija 10, kuna nafasi imejificha mwishoni, na kwa Excel hayo ni matawi mawili.

TRIM huondoa nafasi za kawaida. Lakini data iliyonakiliwa kutoka kwenye kurasa za intaneti mara nyingi huja na nafasi ya aina nyingine, yenye namba 160, ambayo TRIM haiigusi. Watu wengi hukata tamaa hapa wakidhani fomula imeharibika. Mimi huandika hivi moja kwa moja, bila kusubiri kuona ni nafasi ya aina gani:

=TRIM(SUBSTITUTE(C2,CHAR(160)," "))

Fanya hivyo kwenye safu mpya, shusha hadi chini, nakili, kisha bandika thamani tupu juu ya safu ya zamani. Rudia kwa namba za oda na majina ya wateja.

Rudi kwenye shiti ya ukaguzi. Mistari bado ni 4,812, jumla haijasogea, ila namba za oda zisizojirudia zimeshuka kutoka 4,796 hadi 4,790. Yaani oda sita zilikuwa zimejirudia na marudio yake yamejificha nyuma ya nafasi. Andika hilo pembeni, tutalirudia.

Hatua ya 3: Namba ambazo si namba

Kwenye safu ya kiasi, linganisha fomula mbili: COUNTA huhesabu seli zote zenye kitu, COUNT huhesabu zenye namba tu.

=COUNTA(E2:E4813)-COUNT(E2:E4813)

Ikitoa sifuri, endelea. Kwetu imetoa 157. Seli 157 zina maandishi yanayofanana na namba, na SUM huyaruka bila kulalamika. Ile jumla ya 18,406,350 haikuwa na hata shilingi, dola wala senti moja ya oda hizo.

Chuja uzione. Kwetu, 150 zina nafasi mwishoni, nazo zinaponywa na fomula ile ya juu ikizungushiwa VALUE, inayogeuza maandishi kuwa namba. Saba zilizobaki zina herufi O mahali pa sifuri, dalili kwamba kuna mtu alizichapa kwa mkono. Hizo saba nazirekebisha moja moja, huku nikiandika namba za oda zake kwenye ukaguzi, maana aliyekosea sifuri anaweza kuwa amekosea na tarakimu nyingine, na mwenye risiti ndiye atakayejua.

Jumla mpya ni 18,992,100. Ongezeko la 585,750 limetoka kwenye seli zilizokuwepo muda wote.

Na seli iliyo tupu kabisa? Usiijaze sifuri. AVERAGE huruka seli tupu lakini huihesabu sifuri, kwa hiyo "kupendezesha" faili kwa sifuri kunashusha wastani. Iache tupu, kisha uulize.

Hatua ya 4: Tarehe

Hapa usiende mbio.

Kwa Excel, tarehe ni namba iliyovalishwa nguo. Tarehe 1 Januari 2024 ni 45292, na 30 Juni 2024 ni 45473. Ndiyo maana unaweza kutoa tarehe moja kwenye nyingine ukapata siku. Ila ili iwe namba, lazima Excel ielewe ulichoandika, na hapo huwa inakisia. Ukisiaji huo umewasumbua hata wanasayansi: mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitangaza kubadilisha majina kama MARCH1 na SEPT1 yakawa MARCHF1 na SEPTIN1, kwa sababu lahajedwali zilikuwa zikiyageuza kuwa tarehe za Machi na Septemba.

Sisi tatizo letu ni la kawaida zaidi. Faili imetoka kwenye mfumo unaoandika siku kwanza, ikafunguliwa kwenye kompyuta inayosoma mwezi kwanza. Oda ya tarehe 25/03/2024 haiwezi kusomeka, maana hakuna mwezi wa 25, hivyo inabaki maandishi na kuegemea kushoto mwa seli. Oda ya 12/05/2024, yaani Mei 12, inasomeka vizuri kabisa kama Desemba 5, inageuka tarehe "halali" na kuegemea kulia.

Sasa angalia mtego ulivyokaa. Safu ina tarehe zilizoegemea kushoto na nyingine kulia. Mgeni ataona zile za kushoto ndizo mbovu, atazirekebisha, atafurahi. Kumbe za kushoto ndizo zilizobaki salama, na zilizoharibika ni zile zinazoonekana nzuri.

Namna ya kulinasa mapema: =MAX(B2:B4813). Faili ni ya Januari hadi Juni. MAX ikileta tarehe ya Desemba, tarehe 12 za miezi yote zimegeuzwa kuwa mwezi wa kumi na mbili.

Usijaribu kulitibu ndani ya safu hiyohiyo, utachanganya zilizogeuka na ambazo hazijageuka. Rudi kwenye faili ya CSV ya asili (CSV ni faili ya maandishi tupu, safu zake hutenganishwa kwa mikato), na usiifungue kwa kubofya mara mbili. Nenda menyu ya Data, chagua "From Text/CSV", bofya "Transform Data", kisha kwenye safu ya tarehe chagua aina ya data kwa "Using Locale" na taja nchi inayoandika siku kwanza. Ukiwa hapohapo, weka namba ya oda iwe maandishi, kwa sababu Excel hufuta sifuri za mbele, na namba yenye tarakimu zaidi ya 15 huibadilisha zile za mwisho kuwa sifuri. Namba za kadi na za akaunti ndefu hufia hapo, na hazifufuki.

Ndiyo, ina maana hatua ya 2 na ya 3 unazirudia. Ndiyo maana siku hizi safu ya tarehe naitazama kabla ya chai.

Hatua ya 5: Marudio

Safu mpya, fomula =COUNTIF(A$2:A$4813,A2), chuja kinachozidi 1. (Kama namba zako za oda ni tarakimu tupu zinazozidi 15, COUNTIF itakudanganya, kwani huzilinganisha kama namba na kuishia tarakimu ya 15.) Tuna mistari 4,812 na oda 4,790, kwa hiyo mistari 22 ni ya ziada.

Kitufe cha "Remove Duplicates" kipo, na kinavutia. Usikibofye kwanza. Panga kwa namba ya oda uitazame mistari hiyo kwa macho. Kwetu, 13 imefanana kila kitu hadi kiasi: hiyo imeingizwa mara mbili. Tisa ina namba ileile ya oda, lakini tarehe na kiasi ni tofauti. Inawezekana mteja alipelekewa mzigo mara mbili kwa oda moja, na kuifuta ni kufuta mauzo halali. Hapo naandika ujumbe kumuuliza mwenye data, sikisii.

Nikiwa upande wa kuhoji wanaoomba kazi, faili ya majaribio ninayowapa ina mistari kama hii tisa. Anayejua fomula nyingi ananifurahisha. Anayeinua kichwa na kuniuliza "hizi ni oda moja au mbili?" ndiye ninayemkumbuka jioni.

Jibu limekuja: tisa zibaki. Nafuta 13 zenye jumla ya 48,300. Ukaguzi sasa unasoma mistari 4,799, oda 4,790, jumla 18,943,800. Tofauti ya mistari na oda ni tisa, kama inavyotakiwa.

Hatua ya 6: Kuleta kanda

Bosi amekumbuka saa sita kwamba anataka na kanda. Una jedwali dogo la matawi na kanda zake. XLOOKUP, fomula inayotafuta tawi kwenye jedwali hilo na kuleta kanda yake, inatosha. Ukitumia VLOOKUP, ndugu yake wa zamani, usisahau FALSE mwishoni. Ukiiacha, Excel hutafuta kinachokaribiana, na kama orodha haijapangwa inaweza kukuletea kanda isiyo yake bila kuonyesha kosa lolote. Wala usifunike kila kitu kwa IFERROR, inayoficha makosa. Ile #N/A ni tawi linalokuambia halimo kwenye orodha.

Ukiunganisha majedwali kwa Power Query, chombo cha Excel cha kuleta na kuunganisha data, kuna hatari nyingine, na hii imenipata. Jedwali la matawi lilikuwa na tawi moja lililoandikwa mara mbili. Kila oda ya tawi hilo ikazaa mistari miwili, mauzo yake yakaongezeka maradufu, na nikaituma ripoti hivyo. Meneja wa tawi lile alipongezwa kwenye kikao. Kulisahihisha kesho yake, mbele ya watu walewale, ni jambo ambalo sikutakii. Wakati huo sikuwa na shiti ya ukaguzi; ningekuwa nayo, idadi ya mistari ingepanda mbele ya macho yangu.

Hatua ya 7: Pivoti na kutuma

Bonyeza Ctrl+T kwanza ili data iwe jedwali linalotanuka lenyewe, ndipo utengeneze pivoti. Ukichagua eneo kwa kuburuta kipanya, siku moja utaishia mistari michache kabla ya mwisho. Mwaka 2013 mwanafunzi Thomas Herndon alipofungua lahajedwali ya wachumi wawili wa Harvard, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, kuhusu madeni ya nchi na ukuaji wa uchumi, alikuta fomula ya wastani imeishia mstari wa 44 badala ya 49. Nchi tano zilikuwa zimeachwa nje. Halikuwa kosa pekee alilolitaja, ila ndilo lililosambaa, kwa sababu kila mtu mwenye Excel alijiona humo.

Pivoti ikianza kwa kuhesabu badala ya kujumlisha, kuna seli tupu au maandishi bado kwenye safu ya kiasi. Jumla kuu ya pivoti iwe 18,943,800. Ukirekebisha data, bofya "Refresh". Kwenye matoleo mengi ya Excel pivoti haijisasishi yenyewe.

Saa saba na nusu, ujumbe unaotoka ni huu:

"Jumla kwa matawi na kanda imeambatishwa. Jumla kuu ni 18,943,800, oda 4,790. Nimeondoa mistari 13 iliyoingizwa mara mbili (48,300). Kiasi 157 kilikuwa kimeandikwa kama maandishi, kimerekebishwa. Saba kati yake vinahitaji kuthibitishwa na risiti, orodha iko shiti ya ukaguzi. Oda tisa zimepelekwa kwa awamu mbili, zimebaki kama zilivyo."