Kupandisha kikomo cha mizunguko kwenye pikipiki ya silinda mbili

Kikomo ni idadi ya juu ya mizunguko kwa dakika ambayo kompyuta ya injini inairuhusu. Kubadilisha namba hiyo ni kazi ya dakika tano. Ndiyo maana wengi huanzia hapo, na ndiyo maana konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) hutoboa bloku. Fanya kinyume: namba hiyo iwe kitu cha mwisho kuguswa.

Hatua ya 1: Kasi ya pistoni

Chukua stroki (urefu wa safari ya pistoni kutoka chini hadi juu) kwa milimita, zidisha kwa mizunguko kwa dakika, gawanya kwa 30,000. Jibu ni wastani wa kasi ya pistoni, mita kwa sekunde. Yamaha MT-07 ina stroki ya mm 68.6, hivyo kwa mizunguko 10,000 unapata takriban 22.9. Kawasaki Ninja 650, yenye stroki ya mm 60, kwa mizunguko ileile iko kwenye 20. Kwa pistoni na boliti za kiwandani, ishia 23. Ukifunga pistoni za kufuliwa, konrodi imara na boliti mpya, 25.

Mzigo haupandi sambamba na mizunguko, hupanda kwa mraba wake. Kutoka 10,000 hadi 11,000 umeongeza mizunguko kwa 10%, lakini boliti za konrodi zinabeba 21% zaidi. Zinavutwa vibaya zaidi mwishoni mwa mpigo wa ekzosi, pistoni ikiwa juu kabisa, kwa sababu hapo hakuna mlipuko wa kuirudisha chini.

Hatua ya 2: Nguvu ipo huko juu?

Pima kwenye dainamomita (mashine ya kupima nguvu ya injini) kabla ya kununua chochote. Kama nguvu inaporomoka mizunguko 1,000 kabla ya kikomo, kuongeza mizunguko ni kuongeza kelele tu. Kwanza hamisha kilele cha nguvu kwa kemshafti (shafti yenye kemu zinazofungua valvu), kazi ya hedi na bomba fupi za kuingiza hewa.

Hatua ya 3: Springi za valvu

Mstari wa nguvu ukianza kuwa na meno karibu na kikomo, huenda valvu hazifuati tena kemu. Funga springi ngumu zaidi, lakini valvu ikiwa wazi kabisa bakiza angalau mm 1 kabla mizingo ya springi haijagusana. Usinunue ngumu kuliko zote. Hizo hula kemu na tapeti.

Hatua ya 4: Kipimo cha udongo

Kemu zikibadilishwa au hedi ikichongwa, hatua hii hairukwi. Bandika udongo laini wa kufinyangia, unene wa mm 4, juu ya pistoni, mahali pa valvu. Paka valvu oili ili zisiunase. Funga hedi kwa gasketi iliyokwisha tumika ya unene uleule, weka taimingi sawa, kisha zungusha krenki kwa spana, taratibu, mizunguko miwili kamili. Ikikwama, acha, usilazimishe, maana valvu imeshagusa kitu.

Fungua, kata udongo kwa wembe na upime sehemu nyembamba kuliko zote. Valvu ya kuingiza hewa isipungue mm 1.5, ya ekzosi mm 2.0. Ya ekzosi inataka nafasi zaidi kwa sababu hurefuka kwa joto, na pistoni huifuata nyuma ikipanda. Ikilegea kidogo, inapigwa.

Hatua ya 5: Oili na upumuaji

Digrii za krenki hueleza umbali wa mzunguko kati ya pistoni moja na nyingine. Krenki ya digrii 360 hushusha pistoni zote mbili kwa pamoja, na hewa iliyo chini yake hubanwa kwa nguvu. Ya 180 husawazisha, moja ikipanda nyingine inashuka. Ya 270 iko katikati. Kwa ya 360 na 270, panua bomba la kupumulia, la sivyo oili itachanganyika na hewa, presha ishuke, na beringi za konrodi ziwe za kwanza kufa.

Hatua ya 6: Petroli na moto

Kwa mizunguko 10,000, mzunguko mzima wa kazi, yaani krenki kuzunguka mara mbili, huchukua milisekunde 12. Injekta (kinyunyizio cha petroli) inayofunguka milisekunde 10 imetumia 83%. Kwa 10,800 muda ni 11.1, nayo imefika 90%: imebanwa. Weka kubwa zaidi. Kwa petroli ya kawaida, mshiko wa mafuta ukiwa wazi kabisa, lenga hewa 12.8 hadi 13.2 kwa petroli 1, kwa uzito. Ukisikia injini inagonga, rudisha taimingi ya moto nyuma digrii 2.

Hatua ya 7: Sasa gusa kikomo

Unganisha chaja kwenye betri kabla ya kuandika programu. Umeme ukishuka katikati, kompyuta inaweza kufa. Panda mizunguko 200 kwa kila jaribio, upime tena. Nguvu isipoongezeka, rudi ulikotoka. Kumbuka kikomo hakizuii kosa la kushusha gia mapema: hapo gurudumu ndilo linaloizungusha injini.

Baada ya kilomita 500 pima nafasi za valvu kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi), injini ikiwa baridi. Nafasi ya valvu ya ekzosi ikiwa imepungua kwa zaidi ya mm 0.03 kuliko kabla, siti (mahali valvu inapokaa ikifunga) inapigwa. Shusha kikomo kwa 300 na ukague springi.