Kupaka rangi upya mashine nzito kuukuu: anza na mafuta, malizia na rangi

Kupuliza rangi kwenye ekskaveta ya tani 20 ni kazi ya siku moja au mbili. Kuiandaa hula wiki nzima na zaidi, na humo ndimo rangi inaponusurika au kufa. Rangi ikibanduka baada ya miezi michache, kosa ni mara chache la kopo. Chini yake palikuwa na utando wa mafuta, au kutu iliyong'arishwa badala ya kuondolewa, au silinda inayovuja ambayo fundi alisema ataishughulikia baadaye. Mpangilio ni matengenezo, usafi, chuma, praima (rangi ya kwanza inayoshika chuma), kisha rangi. Ukiruka hatua utairudia kazi yote.

Uvujaji, pini na nyufa

Endesha mashine mpaka mafuta ya haidroliki yapate moto, izime, halafu izunguke na chaki ukitia alama kila penye unyevu. Sili za silinda (mipira inayozuia mafuta yasivuje), oringi (pete za mpira) za viungio na mipira ya haidroliki hubadilishwa sasa, si baada ya rangi. Mpira ukiukunja ukaona ganda limepasuka au waya unachungulia, utoe. Kuubadilisha juu ya rangi mbichi ni kumwagia mafuta kazi yako mwenyewe. Fimbo ya silinda yenye vishimo vya kutu kwenye kromu itakula sili mpya muda si mrefu, kwa hiyo ipelekwe ikapigwe kromu upya.

Kabla ya kufungua kiungio chochote, shusha ndoo ya kuchimbia hadi iguse ardhi, zima injini, washa swichi bila kuiwasha injini na uchezeshe vishikio kila upande mpaka presha iishe, kisha ufungue kifuniko cha tangi la haidroliki polepole. Uvujaji usiutafute kwa kidole. Mafuta yanayotoka kwa presha kwenye tundu dogo hupenya ngozi, na jeraha hilo hata likionekana kama mchomo wa sindano ni la kupelekwa hospitali saa hiyo hiyo. Tumia kipande cha kadibodi.

Kupima pini na bushi (mkebe wa chuma unaoizunguka pini), laza ndoo ardhini, ingiza mtaimbo chini ya kiungo, nyanyua, na upime mchezo, yaani ulegevu, kwa kipimo chenye uso wa mshale kama saa. Linganisha na kikomo kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Bushi iliyolika ikiachwa huanza kulegea na kula tundu lake, na tundu hilo italazimu lijazwe kwa kuchomelea na kuchongwa upya. Kazi ya moto kama hiyo huunguza rangi pande zote, ndiyo maana hutangulia.

Nyufa hupenda mahali pale pale: mguu wa bumu (mkono mkuu wa mashine), masikio yanayoshika silinda, pembe za fremu chini ya beringi kubwa ya kuzungukia. Juu ya rangi ya zamani ufa huonekana kama mstari mwembamba wa kutu au wa vumbi lililoshikwa na unyevu. Ukishuku, safisha hadi chuma, pulizia dawa nyekundu ya kupenya, subiri dakika 10 hadi 20, futa kabisa kwa kitambaa, kisha pulizia dawa nyeupe. Ufa utajichora wenyewe kwa mstari mwekundu. Toboa tundu dogo kwenye kila ncha ya ufa ili usiendelee, uchimbe kwa grenda hadi mwisho wa kina chake, ndipo uchomelee. Tenganisha betri, chomoa kompyuta ya injini kama ipo, na ufunge waya wa ardhi karibu kabisa na unapochomelea. Ukiufunga mbali, umeme hupita kwenye beringi na kuziunguza. Usichomelee chuma kilichosafishwa kwa dawa yenye klorini, kama baadhi ya dawa za kusafishia breki, kwa maana moto wa kuchomelea huigeuza kuwa gesi ya sumu. Fremu ya kebini inayomlinda opereta mashine ikibiringika haichomelewi wala kutobolewa bila idhini ya mtengenezaji, hata iwe tundu la kufungia taa.

Kuosha

Kwanza ni chakuro na brashi. Tope lenye grisi lililoganda chini ya mashine na ndani ya fremu ya cheni huondolewa kwa mkono, kwa sababu maji ya presha hulisukuma tu pembeni. Ziba mdomo wa hewa ya injini, ekzosi, vipumulio vya tangi la dizeli na la haidroliki, na funika altaneta na viungio vya nyaya kwa plastiki.

Pulizia dawa ya kukatia grisi kuanzia chini kwenda juu, isije ikaacha michirizi, iache kwa muda ulioandikwa kwenye chombo, na usiiruhusu ikauke. Dawa kali ya magadi hula aluminiamu, kwa hiyo rejeta na nyumba za pampu zipate sabuni ya kawaida. Kisha suuza kwa maji ya moto kuanzia juu kwenda chini. Kwa presha ya bar 150 hadi 200, weka ncha ya bomba mbali na sili, beringi na viungio vya umeme. Mapezi ya rejeta huoshwa kwa maji yanayoingia wima, kwa presha ndogo, kutoka upande ambao hewa hutokea.

Jinsi ya kujua pamesafika ni rahisi. Mwagia maji safi na utazame. Maji yakitandaa kama shuka na kubaki hivyo, chuma hakina mafuta. Yakijikusanya kuwa matone kama kwenye jani la mgomba, rudia. Jaribio hili lifanyike kabla ya msasa au grenda, maana ukisaga juu ya grisi unaisukuma ndani ya mikwaruzo, na hapo hakuna kitambaa kitakachoifikia.

Kurudi kwenye chuma

Rangi ya zamani ya manjano au ya machungwa mara nyingi ilitengenezwa kwa kromati ya risasi. Ipime kwa vijiti vya kupimia risasi kabla ya kuigusa. Ikiwa na risasi, usipige msasa mkavu na usiiunguze kwa moto. Fanya kazi kwa maji, vaa barakoa ya chujio la daraja la P3, tandika plastiki chini ukusanye mabaki yote, na nguo za kazi zisifike nyumbani kwa watoto.

Si lazima kila mahali pafike chuma kitupu. Rangi ya zamani iliyoshika vizuri inaweza kukwaruzwa kwa msasa namba 180 hadi 240 na kupokea praima, lakini ijue kwanza. Weka pamba iliyolowa thina kali juu yake kwa dakika mbili au tatu. Ikilainika au kujikunja, ni rangi ambayo haitavumilia rangi mpya ya vijenzi viwili (inayochanganywa na kigumishi), kwa kuwa thina yake itaichemsha kutoka chini. Hapo chaguo ni kuiondoa yote.

Kutu kwenye bumu, fremu na mikono mizito huondoka vizuri zaidi kwa kupiga chembe kwa presha. Tumia chembe za garneti, kamwe si mchanga wa mtoni: vumbi la silika huharibu mapafu bila tiba. Ncha ya milimita 8 kwa presha ya bar 7 hunywa takriban mita 4 za ujazo za hewa kwa dakika, hivyo kompresa ndogo ya gereji haiwezi. Lengo ni chuma cha rangi ya kijivu chenye ukwaruzo wa mikroni 40 hadi 75 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Boneti, milango na vifuniko vya bati jembamba visipigwe kwa nguvu hiyo, maana hujikunja na havirudi tena. Hivyo ni vya msasa.

Vumbi la chembe ndilo adui wa mashine yenyewe. Fimbo za silinda ziviringishe mpira uliochanwa kwa urefu, kisha tepu. Ziba kila kipumulio. Kila nipeli ya grisi (chuchu ya kuingizia grisi) ivalishwe kipande cha bomba dogo la mpira. Baada ya kazi, sukuma grisi mpya kwenye kila kiungo mpaka ile ya zamani itoke yote na chembe zake.

Bila vifaa hivyo, tumia nyundo ya sindano kwenye magamba ya kutu na diski ya msasa namba 60 au 80 kwenye uso. Brashi ya waya inayozunguka hudanganya sana. Huing'arisha kutu hadi ionekane kama chuma, na juu ya uso huo laini praima haina pa kushika.

Praima

Chuma kilichopigwa chembe kipate praima ndani ya saa nne, kabla ya kutu nyepesi kurudi. Praima ya epoksi ya vijenzi viwili yenye fosfeti ya zinki ndiyo ya kutegemewa. Changanya kwa vipimo vilivyoandikwa, koroga hadi chini ya kopo, na kama karatasi ya maelezo inataka mchanganyiko usubiri kabla ya kupulizwa, usubiri.

Angalia umande. Chuma kiwe na joto lisilopungua nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande (joto ambalo unyevu wa hewa huanza kugeuka matone), na unyevu wa hewa usizidi asilimia 85. Hewa ikiwa nyuzi 28 na unyevu asilimia 80, umande hutua kwenye nyuzi 24 hivi, kwa hiyo chuma cha nyuzi 25 hakifai ingawa kwa mkono kinaonekana kikavu. Bumu nene hukaa na baridi ya usiku muda mrefu kuliko hewa, na asubuhi ndipo watu hukosea.

Kabla ya kupuliza, chukua brashi upake praima kwenye kila kingo, mshono wa kuchomelea, kichwa cha bolti na ndani ya pembe. Rangi mbichi hujivuta kutoka kwenye kingo kali na kuacha utando mwembamba, na kutu ya kwanza daima huanzia hapo. Kingo zenye makali zilainishwe kwa grenda kwanza. Kisha puliza hadi mikroni 60 hadi 80 zikikauka.

Rangi ya praima si jambo dogo. Manjano ya kisasa isiyo na risasi hufunika vibaya. Juu ya praima ya kijivu iliyokoza itadai mikono (tabaka za rangi) mitatu au minne, ilhali juu ya nyeupe iliyofifia miwili hutosha.

Rangi ya juu

Kuna njia mbili. Enameli ya alkidi ya kopo moja ni nafuu na rahisi kurekebisha, lakini hukaa wiki kadhaa ikiwa laini, hufifia juani, na dizeli huilainisha. Poliyurethani ya vijenzi viwili hung'aa kwa miaka na huvumilia mafuta, ila kigumishi chake kina isosianati inayoweza kuleta pumu ya kudumu. Upulizaji wake unahitaji barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Chujio la kawaida likichoka, pua haitakuambia. Asiye na kifaa hicho atumie alkidi, na asione haya.

Kiasi cha rangi hukokotolewa. Chukua asilimia ya yabisi kwa ujazo (sehemu ya rangi inayobaki ikikauka), zidisha kwa 10, gawa kwa mikroni unazotaka. Rangi ya asilimia 50 kwa mikroni 60 hutoa 500 ÷ 60, yaani mita za mraba 8.3 kwa lita. Toa asilimia 35 inayopotea hewani, zibaki 5.4. Mashine yenye mita za mraba 80 itahitaji lita 15 hivi kwa mkono mmoja. Mikroni 60 kavu za rangi hiyo ni 120 ikiwa mbichi, na kitana cha kupimia rangi mbichi kitakuonyesha papo hapo.

Bunduki ya kupulizia iwe na ncha ya milimita 1.3 hadi 1.4 kwa rangi ya juu, 1.7 hadi 1.8 kwa praima. Shika umbali wa sentimita 15 hadi 20, kila mpito ufunike nusu ya uliotangulia. Anza na sehemu za chini na za ndani, malizia nyuso kubwa zinazoonekana.

Visivyopakwa: fimbo za silinda, bamba la namba ya mashine, vioo vya kuonyesha kiwango cha mafuta, mipira, sili, sehemu za waya wa ardhi, na mapezi ya rejeta, ambayo rangi nene huyafunika yasitoe joto. Ndani ya ndoo na nyuso za cheni zinazosuguana ni kupoteza rangi. Udongo utaimaliza siku ya kwanza.

Kasoro na chanzo chake

Vishimo vya duara kama macho ya samaki ni mafuta au silikoni, mara nyingi kutoka kwenye kompresa isiyo na kichujio cha maji na mafuta. Usipulize juu yake ukitumaini vitafunikwa. Acha ikauke, piga msasa, safisha, rudia. Mapovu madogo ndani ya poliyurethani ni unyevu uliokutana na kigumishi na kutoa gesi, au mkono mzito uliofunika thina isiyoondoka. Uso kama ganda la chungwa ni rangi nzito au presha ndogo. Uso mkavu wa vumbivumbi ni bunduki iliyo mbali au thina inayokauka haraka mno kwa joto la siku hiyo. Praima iliyopitiliza muda wake wa kupokea rangi inabanduka kama karatasi: ikipita muda huo, ikwaruze kwa msasa namba 240 hadi 320 kabla ya kuendelea.

Kurudisha kazini

Poliyurethani hushikika kesho yake, lakini hukomaa kwa siku saba hivi. Isioshwe kwa presha kabla ya hapo. Stika za onyo, uzito na mchoro wa mizigo ni sehemu ya usalama na zote hurudi, zikibandikwa kwa maji yenye sabuni kidogo rangi ikishatoa thina yake. Kwa alkidi, hilo ni suala la wiki. Badilisha kichujio cha hewa, mafuta ya injini na kichujio cha haidroliki cha njia ya kurudi, kwa kuwa mashine iliyofunguliwa haikosi chembe. Baada ya saa 10 za kazi, izunguke tena na chaki. Chozi la mafuta litakaloonekana sasa juu ya manjano mpya lifutwe na lizibwe siku hiyo hiyo, kabla halijatambaa kuingia chini ya kingo za rangi.