Jinsi ya kutazama kazi za Youn Yuh-jung, na mahali pa kuanzia

Youn Yuh-jung alipokuwa Mkorea wa kwanza kushinda tuzo ya Oscar ya uigizaji, mwezi Aprili 2021, alikuwa na umri wa miaka 73, na watazamaji wengi wa nje ya Korea Kusini walidhani kwamba kipaji chake kimegunduliwa uzeeni. Ukweli ni kwamba alianza kuigiza mwaka 1966, katika kituo cha televisheni cha TBC jijini Seoul. Kazi ya zaidi ya nusu karne haiwezi kutazamwa yote, wala sishauri mtu aifuate mwaka kwa mwaka, kwa sababu sehemu yake kubwa ni tamthilia za familia zenye makumi ya vipindi, ambazo ni vigumu kuzipata zikiwa na tafsiri. Njia ifuatayo ni fupi zaidi.

Kwanza, weka sawa jina. Youn ni jina la ukoo, nalo kwa desturi ya Wakorea hutangulia. Lakini katika orodha nyingine ameandikwa Yoon Yeo-jeong, hivyo tafuta kwa tahajia zote mbili. Kwa filamu za zamani, anzia chaneli ya YouTube ya Hifadhi ya Filamu ya Korea, ambayo huweka nyingi bila malipo. Epuka nakala ambazo sauti ya msimulizi hufunika sauti za waigizaji, kwa sababu sauti ya Youn, nzito na yenye mikwaruzo, ni nusu ya uigizaji wake.

Anza na filamu ya Minari, iliyoongozwa na Lee Isaac Chung, ndiyo iliyompa Oscar. Ndani yake Youn ni Bibi Soon-ja, anayetoka Korea kwenda Arkansas, Marekani, katika miaka ya 1980 kumsaidia binti yake kulea watoto. Ni bibi anayecheza karata na kutukana, mpaka mjukuu wake analalamika kwamba huyu si bibi wa kweli. Baada ya Soon-ja kupata kiharusi, mtazame jinsi anavyobaki na ukaidi uleule huku mwili ukimkatalia. Hapo mwigizaji dhaifu angetafuta machozi ya mtazamaji, yeye hayatafuti.

Kisha rudi nyuma hadi mwaka 1971, kwenye Woman of Fire ya mwongozaji Kim Ki-young, filamu ya kwanza ya Youn. Alicheza msichana wa shamba anayeajiriwa kazi za ndani katika nyumba ya wafugaji wa kuku, na ambaye kuingia kwake kunaivuruga familia nzima. Filamu hiyo ilikuwa Kim akiisimulia upya hadithi aliyoitengeneza mwaka 1960, The Housemaid. Mwaka 2010 Im Sang-soo naye aliirudia hadithi hiyohiyo, na safari hii Youn akapewa nafasi ya mtumishi mzee, aliyekaa kwa matajiri muda mrefu kiasi cha kujua siri zao zote na kuwadharau kimyakimya. Tazama filamu ya 1971 na ya 2010 kwa kufuatana, ikiwezekana ndani ya juma moja. Msichana wa kwanza anatumia macho na mwili wote. Mzee wa pili anamaliza kazi kwa namna anavyobeba sinia na kugeuza shingo. Kwa maoni yangu hakuna somo bora kuliko hilo kuhusu mwigizaji huyu, na jukwaani siku ya Oscar Youn alimshukuru Kim Ki-young, aliyekuwa amekwisha kufariki.

Kati ya filamu hizo mbili kuna pengo ambalo lazima ulijue. Katika miaka ya 1970 Youn aliolewa na mwanamuziki, akahamia Marekani na kuacha kuigiza. Alirudi Korea katikati ya miaka ya 1980, na mwaka 1987 akaachika, akiwa na watoto wawili wa kiume wa kulea. Kwa mwigizaji wa kike wa wakati ule talaka ilikuwa doa, hivyo alipokea nafasi yoyote aliyopewa, nyingi zikiwa za mama wa fulani katika tamthilia. Vipindi vichache vya What Is Love, ya 1991, vinatosha kukuonyesha hali hiyo.

Alipofika kwenye A Good Lawyer's Wife, mwaka 2003, alianza kucheza wazee ambao tamthilia zisingewakubali: mama mkwe mwenye mpenzi huku mumewe akiwa mahututi, na baadaye, katika The Bacchus Lady ya 2016, mwanamke mzee anayeuza mwili katika bustani za Seoul. Usizitazame ukiwa na watoto.

Malizia na Pachinko, tamthilia ya televisheni iliyoanza mwaka 2022, anamocheza Sunja, mwanamke Mkorea, wa uzeeni nchini Japani. Maandishi ya tafsiri yana rangi mbili, njano kwa Kikorea na buluu kwa Kijapani. Yafuatilie, kwa sababu lugha anayoichagua Sunja mbele ya kila mtu ni sehemu ya maana ya onyesho. Ukiwa bado na hamu, kuna Youn's Kitchen ya 2017, anamoendesha mgahawa mdogo katika kisiwa kimoja cha Indonesia. Hiyo si uigizaji, na unaweza kuitazama huku ukifanya kazi nyingine.