Jinsi ya kuchagua mtumba soko la Mlango Mmoja, Mwanza, bila kupigwa

Wahi asubuhi, balo likifunguliwa zile kali zinaondoka fasta, mchana unakuta masalia. Ukishika shati achana na lebo kwanza, geuza ndani nje uangalie mshono wa pembeni, vuta kidogo, ukiona uzi unaachia rudisha. Halafu kwapa na kola, njano ya jasho hapo haitoki kirahisi hata uloweke vipi. Jinzi iinue juani ucheki katikati ya mapaja, pakipitisha mwanga ujue haina maisha. Kiuno kikubwa sio ishu, fundi anapunguza, ila mabega yakizidi usichukue jamani, kuyarekebisha ni kazi na hela.

Najua wapo wanaosema mtumba unaua viwanda vyetu, na 2016 nchi za Afrika Mashariki zilipanga kuuondoa, Marekani ikatishia kuzitoa kwenye AGOA, mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, wengi wakarudi nyuma, Rwanda ikakomaa na 2018 nguo zake zikasimamishiwa msamaha wa ushuru. Hoja ina uzito, tena kwetu Kanda ya Ziwa inauma, tunalima pamba halafu tunaagiza mtandaoni vigauni vya polista vya bei chee, mi naona hivyo ndo vibaya zaidi.

Kwa hiyo ukinunua kitambaa kipya umpe fundi akushonee, omba kauzi kamoja ukachome: pamba inanuka karatasi na kuacha majivu laini, polista inayeyuka inaganda kidonge kigumu. Muuzaji akikataa kukupa kauzi, nenda meza ya pili.